Mwavuli Ukutani

Ijumaa saa saba mchana Kuze hubaki mji wa wanawake. Wanaume wote, wema na wabaya, wako msikitini. Vichochoro vimeachiwa paka, na madirishani hakutoki ila harufu ya nazi na moshi wa makaa. Mbodze aliungoja wakati huo tangu alfajiri. Hotuba ilipoanza kusikika kwenye kipaza sauti, alivaa buibui lake, akashusha ushungi mpaka kwenye nyusi, akatoka nje na kipande cha mkaa, kikombe cha buluu ya kufulia aliyoikoroga ikawa nzito, na kijiti alichokitafuna ncha mpaka kikalainika kama mswaki.

Ukuta wa nyumba walimopanga ulikuwa mpana na mweupe, umepakwa chokaa upya baada ya mvua za El Nino kuuchafua. Alisimama mbele yake kidogo, kama mtu aliyesahau alichotumwa. Kisha akaanza na kanzu.

Alimchora mwanamume mnene, mkono mmoja umeshika mwavuli mkubwa uliofunguliwa, wa pili unagawa vikombe vya kahawa kwa watu waliopanua vinywa kama makinda. Nyuma ya mwanamume akaweka mlango, na ndani ya mlango jiko lisilo moto na sufuria iliyofudikizwa. Jina hakuandika wala halikuhitajika. Kuze nzima hapakuwa na mtu mwingine aliyetembea na mwavuli wa mpini wa mti, mvua inyeshe isinyeshe, ila Chonga mumewe.

Chonga alikuwa tarishi katika ofisi moja ya kupitisha mizigo forodhani, lakini barazani aliitwa Bwana Mkubwa, na jina hilo lilikuwa na gharama zake. Kila aliyelitamka alinyweshwa kahawa. Mbodze naye alikuwa mpambaji wa maharusi. Alipaka hina na piko jeusi mikononi na miguuni, na mkono wake ulitafutwa kutoka Kuze mpaka Tononoka. Jana yake Chonga alikuwa amechukua malipo ya mkewe ya harusi nzima, akasema anaazima tu. Jioni yakageuka halua ya baraza. Mbodze alikula muhogo wa kuchemsha kwa chumvi, peke yake, akiwasikia watu upande wa pili wa dirisha wakila jasho lake na kumsifu mumewe kwa ukarimu. Kwa mdomo alikwisha kusema miaka na miaka. Chonga alikuwa na sikio moja tu, na hilo lilikaa nje ya nyumba.

Kosa la Mbodze lilikuwa kwenye mwavuli. Picha ilikwisha na hotuba bado inaendelea, na mkono uliozoea miguu ya maharusi haukuweza kuuacha mwavuli ule mtupu. Akaujaza matawi yanayotambaa, maua ya asumini, na pembeni kote ukingo wa vijani vidogo vilivyolaliana, kama anavyomalizia kisigino cha bibi harusi. Hapo Kadzo, jirani wa mlango wa pili, akatoka kumwaga maji. Aliutazama ukuta. Akaitazama miguu yake mwenyewe, iliyokuwa bado na piko la harusi ya Jumapili. Kisha akarudi ndani na ndoo yake, maji hajayamwaga.

*

Wanaume waliporudi kichochoro kilizibika. Chonga alifika wa mwisho, maana Bwana Mkubwa hana haraka, na watu wakampisha kwa heshima ambayo siku hiyo ilikuwa na kicheko ndani yake. Akautazama ukuta kwa muda mrefu. Akasema hiyo ni kazi ya wale vijana wa rangi za makopo, waliouchafua mji mzima wakati wa kampeni, na kwamba askari wa baraza la mji wanalipwa kwa kulala.

Fondo, muuza kahawa, aliishi kwa ukarimu wa Chonga, na kwa hiyo aliujua kuliko mtu mwingine yeyote. Akajikuna kidevu.

“Vijana hawaijui sufuria yako, Bwana Mkubwa,” alisema. “Huyu yuwajua mpaka jikoni. Huyu ni wa ndani.”

Watu waliangua kicheko, na kicheko ndicho kilichomponza. Chonga akauinua mwavuli wake juu ya vichwa vya watu.

“Sikilizeni nyote. Kama mkono uliochora uchafu huu umetoka nyumbani mwangu, basi Mbodze hana ndoa kwangu. Na hiyo ndiyo ya tatu.”

Kicheko kikakatika. Talaka mbili za kwanza alikwisha kuzitoa zamani, moja kwa sababu ya chai iliyopoa na moja kwa sababu ya neno la mama mkwe, na mara zote mbili alimrejea mkewe kabla ya wiki kwisha, machozi yakimtoka. Iliyobaki ilikuwa moja, nayo ndiyo iliyoshikilia nyumba yao. Maalim Shee, aliyewasomesha Kurani nusu ya watu wa mtaa ule chuoni, alikuwa amesimama pale. Alimwambia kwa upole kwamba talaka si kashata, haigawiwi barazani. Chonga akajibu kuwa hana wasiwasi, nyumba yake anaijua.

Nyuma ya dirisha Mbodze alikuwa akinawa mikono, na buluu haikutaka kutoka kwenye kucha. Aliisikia hukumu yake neno kwa neno. La ajabu ni kwamba kwanza alihisi hasira, kwamba jina lake limetajwa njiani mbele ya wanaume. Hofu ilifika baadaye, ikakaa.

*

Wiki ile alikwenda kwa Maalim Shee kumuuliza mas'ala ya rafiki yake mmoja wa Tononoka, ambaye mumewe aliapa kiapo cha namna hii na hii. Maalim aliinamisha macho yake kwenye mkeka na kusikiliza mpaka mwisho. Akasema mambo hayo hayakatwi kwa kukisia. Mume aulizwe nia yake: alikusudia kuacha kweli, au hasira tu ndiyo iliyomwendesha ulimi. Ikiwa ni hasira, wanavyuoni wana maneno, na mlango hauwi umefungwa.

“Mwambie rafiki yako amuulize mumewe,” alisema.

“Akimuuliza, Maalim, atakuwa amekwisha kumwambia.”

“Ndiyo,” alisema Maalim, na hakuinua macho.

Hapo ndipo Mbodze alipokwama. Hakujua kama bado ni mke wa mtu au anaishi na mwanamume wa kando. Tena alimpenda Chonga, hilo lazima lisemwe. Alimpenda kama mtu anavyopenda nyumba inayovuja aliyoizoea. Alichotaka ni aone haya kidogo, siku moja apite sokoni na kuleta samaki. Hakutaka kuachwa. Basi akauhamishia mkeka wake chumba cha mbele, akasingizia mgongo, kwamba kuinamia miguu ya maharusi kumemmaliza. Akawa anampikia, anamfulia, na kujifunika mbele yake kama mbele ya mgeni. Siku za mwanzo Chonga alinung'unika. Baadaye akaona kitanda kizima kina raha yake.

Wanawake wa mtaa walijua wote. Hakuna aliyesema, si kwa Mbodze wala wao kwa wao. Kila aliyepita mbele ya ukuta ule alipunguza mwendo, akautazama mwavuli, akaivuta miguu yake ndani ya buibui, akaenda zake. Harusini walianza kumfungia Mbodze sahani ya pilau ya kwenda nayo nyumbani, bila ya kuombwa, na kumwambia ni ya Mwanasha, binti yake, ingawa Mwanasha alikuwa ameolewa Tononoka na alikuwa na pilau yake.

Mshahara ulipotoka Chonga alinunua chokaa aifute ile picha, na alikuwa amekwisha kuikoroga alipotokea Beryl. Beryl alikuwa msichana wa Nairobi, amevaa suruali na viatu vizito, na kwa siku kadhaa alikuwa akizunguka mji akipiga picha za kuta. Alipiga picha za maneno ya kampeni yaliyobaki, majina ya timu za mpira, mioyo iliyochomwa mishale, na hata lile onyo la kuwakataza watu kukojoa hapa. Watu walimwonea huruma, msichana mzuri vile na akili zimemruka. Kumbe alikuwa na jumba. Ghala moja la zamani upande wa Liwatoni lilikuwa limesafishwa na kupakwa rangi nyeupe ndani na nje, wafadhili wametoa fedha, na michoro ya mitaani ilikuwa ikitafutwa ipelekwe huko ikatazamwe na watu waliovaa viatu safi.

Beryl alisimama baina ya ukuta na ndoo ya chokaa.

“Mzee, nakuomba usiiguse. Hii ni kazi ya sanaa.”

“Hii ni matusi, bibie,” alisema Chonga. “Na anayetukanwa ni mimi.”

Beryl akautazama mwavuli wa ukutani, kisha ule uliokuwa kwapani mwa Chonga, na uso wake ukang'aa. Alikuwa amepata picha pamoja na mwenyewe. Siku ya pili mwenye nyumba akaja. Paa lilikuwa likivuja tangu mvua zile na hakuwahi kufika kulitazama, lakini siku hiyo alifika hata chai haijachemka, kuwaarifu kwamba ameuza kipande cha ukuta. Chonga akamkumbusha kuwa aliyechorwa ni yeye. Mwenye nyumba akamkumbusha kuwa yeye ni mpangaji. Ama mchoraji, alisema Beryl aliyekuja naye, fungu lake limewekwa kwenye bahasha, na anaombwa ajitokeze siku ya ufunguzi.

Mafundi wakakikata kipande kile kwa misumeno na nyundo ndogo, kwa uangalifu ambao nyumba ile haikupata kuuona tangu ijengwe. Nicodemus, mvuta mkokoteni kutoka bara, alikipakia juu ya magodoro, akaambiwa akikivunja atakilipia maisha yake yote. Mbele yake alitembea askari wa baraza la mji akifukuza watu njiani. Ni askari yule yule aliyekuwa akiwakimbiza wachoraji wa kuta na kuwachapa makofi. Sasa alikuwa akiilinda picha isikwaruzwe. Penye shimo mafundi walipaka plasta mpya, laini, ya kijivu, wakaenda zao.

*

Siku ya ufunguzi Chonga alivaa kanzu aliyoipiga pasi mwenyewe. Alikuwa anakwenda kudai fidia ya uso wake, na njia nzima alifanya mazoezi ya maneno. Mbodze alimfuata hatua mbili nyuma na maneno yake mwenyewe. Alikuwa ameamua. Atamvuta kando kabla ya bahasha kutajwa, amwambie: aliyechora ni mimi, sasa niambie ulikusudia nini. Aliona afadhali ajue moja kuliko kulala mkekani na hofu.

Ndani kulikuwa na baridi ya mashine na mwanga mwingi. Vijana wa rangi za makopo walikuwapo, wamechana nywele, wameshika gilasi za maji ya matunda na kusimama mbali na kuta wasije wakazichafua. Askari alikuwa mlangoni. Na pale mwisho, ndani ya fremu ya mbao, chini ya taa yake peke yake, ulikuwa ukuta wa nyumba yao, na karibu yake kikaratasi kilichosema mchoraji hajulikani.

Mgeni mmoja akamwona Chonga na mwavuli wake. Akamgusa mwenzake. Haukupita muda watu wakawa wamemzunguka, Wazungu, Wahindi na wakubwa wa Nairobi, wakimtazama yeye na picha, picha na yeye, kamera zikimulika. Chonga alikuja na malalamiko ulimini, lakini hakuna aliyewahi kumtazama namna ile maishani mwake, tena bila ya kununua hata kikombe kimoja cha kahawa. Bibi mmoja wa Kizungu akamweleza maana ya picha, na Beryl akafasiri. Huyu ni mwanamume anayeulisha ulimwengu. Sufuria ile iliyofudikizwa ni unyenyekevu wake, kwamba yeye mwenyewe hakujiwekea kitu.

Mbodze alitia ncha ya ushungi mdomoni asicheke. Kisha akasogea.

“Baba Mwanasha, nina neno nawe.”

“Ngoja kwanza,” alisema Chonga, na hakugeuka.

Mtu wa gazeti alikuwa ameuliza jambo, na watu wote wamenyamaza kusubiri jibu. Beryl akainama kidogo kwa adabu.

“Anauliza, Mzee Chonga. Je, ni wewe mwenyewe uliyejichora?”

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mbodze aliuona mgongo wa mumewe ukinyooka, na shingo ikipanda kutoka kwenye kanzu. Aliyajua yale tangu ndoa yao ikiwa changa. Ndivyo alivyosimama kila mara kabla ya kuagiza kahawa ya watu wote.

“Ni mimi,” alisema Chonga. “Sikupenda kujitangaza.”

Wakapiga makofi. Bahasha ikatoka mkononi mwa Beryl ikaingia mfukoni mwa kanzu, na kile kikaratasi kikabanduliwa ili jina liandikwe. Mbodze akayameza maneno yake, akatoka nje kungoja karibu na askari.

*

Gazeti lilifika Kuze siku ya tatu, na picha ya Chonga ndani yake, mwavuli na vyote. Akaikata, akaitia kioo. Aliwanywesha kahawa watu wa baraza yake na wa baraza ya jirani, na fungu la mchoraji likateremka kooni mwa watu kama fungu la piko lilivyoteremka. Alikuwa akieleza namna wazo la sufuria lilivyomjia, Fondo alipositisha kumimina. Muuza kahawa husahau deni lake, hasahau neno la mtu.

“Bwana Mkubwa,” alisema taratibu, “na mkono huo sasa umetoka nyumba gani?”

Baadhi yao walicheka. Maalim Shee hakucheka. Aliweka kikombe chini, na baada ya sala ya Alasiri akaja nyumbani kwa Chonga pamoja na wazee wawili wa msikitini. Fondo alijialika. Mbodze alisimama nyuma ya pazia la chumba cha ndani.

Maalim alianza kwa salamu na kuulizana hali, akaendelea kwa hali ya hewa, kisha akafika. Alisema hakuja kuvunja, amekuja kutafuta mlango.

“Na mlango upo, Chonga. Sema uliwatania wale wageni. Sema hukuchora wewe. Tuondoke, na hakuna atakayekucheka.”

Chonga alimtazama Fondo, ambaye uso wake ulionyesha kuwa atacheka mpaka mwaka ukwishe. Akalitazama gazeti ndani ya kioo chake. Akasema neno la mwanamume si kanzu ya kubadilishwa kila Ijumaa. Amechora, na gazeti limeandika. Isitoshe, kiapo kile hakikumhusu yeye. Kiliwahusu watu wa nyumbani mwake, na yeye si mtu wa nyumbani, yeye ndiye mwenye nyumba. Maalim akamuuliza mwenye nyumba hulala wapi.

Mmoja wa wazee akakohoa. Maalim Shee akajaribu mara ya pili, na safari hii sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayemwomba mtoto ashuke juu ya ukuta.

“Basi niambie nia yako siku ile. Ulikusudia kumwacha mkeo, au ilikuwa hasira tu? Fikiri kabla ya kujibu.”

Nyuma ya pazia Mbodze alijishika kwenye mwimo wa mlango. Hilo ndilo swali alilolibeba wiki zote zile, alilolala nalo mkekani. Alimwomba Mungu, na kimoyomoyo akamwomba na Chonga, aseme neno moja tu, hasira. Kama angelisema, angekaa kimya mpaka kaburini, angemwachia picha na makofi na gazeti, na angerudi kulala kitandani usiku ule ule.

“Mimi sisemi nisilolikusudia,” alisema Chonga, kwa kuwa Fondo alikuwa akimtazama.

Kitu kikamkatikia Mbodze kifuani, wala hakikuwa hasira. Alikuwa amechoka, basi. Alitambua kwamba mume wake angemtoa yeye kabla ya kulitoa lile gazeti, na kwamba hata hakujua kuwa anachagua.

Maalim akaligeukia pazia. “Mama Mwanasha, una lolote la kusema?”

“Mkono umetoka nyumba hii, Maalim. Hilo nalishuhudia.”

Chonga akageuka kwa furaha. Mkewe amemuunga mkono, tena mbele ya watu. Alimwonyesha Fondo kwa kidole kana kwamba anasema, umesikia? Furaha ile ilidumu kwa muda wa kumeza kahawa ya moto. Kisha akauona uso wa Maalim.

“Basi imepita,” alisema Maalim Shee. “Na ni ya tatu. Haina kurejea.”

*

Ijumaa iliyofuata, hotuba ilipoanza, mkokoteni wa Nicodemus ulikuwa mlangoni. Wavutaji wengine wote walikuwa msikitini. Nicodemus alisali Jumapili. Alipakia sanduku, mkeka, kapu la hina na piko, na juu kabisa sufuria. Mbodze alikuwa anakwenda kukaa eda kwa Mwanasha. Alimwambia Nicodemus amsubiri kidogo, akatoa kikombe cha buluu na kipande cha mkaa.

Plasta mpya ilikuwa laini kuliko ngozi ya bibi harusi. Hakumchora mtu. Alichora mwavuli peke yake, uliofunguliwa, mkubwa kuliko wa kwanza, chini yake hakuna mtu. Akaujaza matawi na maua, akaumalizia na ukingo wa vijani vilivyolaliana, na safari hii hakuwa na haraka wala hofu. Nicodemus, aliyekibeba kipande cha kwanza kama yai, aliegemea mkokoteni wake akatazama yote.

“Mama, na hii nayo watakuja kuikata?”

“Wakija, waambie wazungumze na mwenye nyumba,” alisema Mbodze, akapangusa vidole vyake kwenye buibui, wakaondoka.

Yaliyofuata aliyapata kwa Kadzo, aliyekuja Tononoka siku ya pili na bakuli la samaki wa kupaka, na ambaye safari hii alisema yote aliyokuwa amejizuia kuyasema. Wanaume walirudi, na Fondo ndiye aliyeuona ukuta mwanzo. Alianza kumpongeza Bwana Mkubwa kwa kazi mpya, maneno yakamfia mdomoni. Chonga alikuwa ameswali safu ya kwanza, bega kwa bega na Maalim, na msikiti mzima ulimwona.

Basi wakasogea kuutazama vizuri, alisema Kadzo. Maalim Shee aliinama karibu na ule ukingo wa vijani, akautazama, mara akateremsha macho na kujifanya anatafuta tasbihi mfukoni. Fondo naye akatazama, akageuka upande. Mzee mmoja akakumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani. Kila mmoja alikuwa amekwisha kuiona kazi ile kwake, kila Idd na kila harusi, na hakuna mwanamume wa Kuze anayeweza kusimama njiani akataja miguu ya mkewe. Wakaondoka mmoja mmoja, hakuna aliyeaga.

Aliyebaki ni Chonga peke yake. Alikwenda na kurudi mbele ya ukuta, mwavuli kwapani, akimshika kila apitaye na kumuuliza swali moja.

“Nani huyu? Nani huyu anayeniiga?”

Mbodze alikuwa akicheka tangu mwanzo wa hadithi. Hapo aliacha. Alimuuliza Kadzo kama ni kweli, kama kweli Chonga hakuujua mkono ule. Kadzo akaapa kwa Mungu kwamba hakuujua, kwamba mpaka anaondoka alimwacha pale pale anauliza.

Mbodze aliinyoosha miguu yake juu ya mkeka akaitazama. Kila Idd tangu waoane aliipaka mwenyewe, maua yale yale na ukingo ule ule, akaketi nayo mbele ya mumewe mpaka ikakauka. Piko la Idd iliyopita lilikuwa limekwisha kufifia, limebaki kidogo tu pembeni mwa visigino.